Yule Mama wa Kitenge kwenye Kioo cha Iringa

Nililelewa Chunya na baba mdogo, mkulima wa tumbaku. Shule niliishia darasa la tatu, na nisiwadanganye kwamba nilifukuzwa. Nilikuwa mvivu wa kusoma, na yeye alihitaji mikono. Kazi yangu ilikuwa kuchambua majani makavu: manjano ya limao huku, manjano ya chungwa kule, kahawia pembeni. Ukikosea, mkanda. Siku nyingine alinipiga halafu akakaa nyuma ya nyumba analia. Sijui kwa nini nimelitaja hilo. Nilitaka kusema macho yangu yalijifunza rangi pale, na dereva wa lori aliponiona nachambua akasema ana shemeji yake Mbeya, mchoraji wa vioo vya maduka.

Akanipeleka, na shemeji huyo sisi wanafunzi wake tulimwita Fundi Mkuu. Siku ya kwanza alinipa kitambaa, nisafishe kioo. Akapitisha kidole, kikatoka na mafuta.

"Wewe wa Chunya, unafuta kioo au unakibembeleza?"

Kioo cha duka unakichorea ndani, mvua isiguse rangi, na mteja anatazama akiwa nje. Kwa hiyo herufi unaziandika kinyume, na cha mwisho unakianza. Ukutani unapaka uso, kisha jicho, kisha kitone cheupe cha mng'ao. Kwenye kioo kitone kinatangulia, maana rangi ya kwanza ndiyo inayoonekana nje. Mimi nilijisahau, nikampaka ng'ombe wa bucha kichwa kizima kabla ya macho. Mwenye bucha akatoka nje, akatazama, akasema, "Huyu amekufa hata hajachinjwa."

Mwaka aliofariki mke wa Fundi Mkuu tuliitwa Iringa, duka la vitambaa. Fundi akachora mwanamke amevaa kitenge, siku tisa, hataki kusaidiwa. Ulipotokea uso nikaujua. Nilikuwa nimekula ugali wa yule mama nyumbani kwa Fundi miaka mingi.

"Fundi, huyu si mama?"

"Shika ngazi."

Baadaye zikaja stika zinazokatwa kwa mashine. Nami nikajifunza: unanyunyiza maji ya sabuni, unabandika, unasukuma mapovu yatoke. Fundi Mkuu hakujifunza, macho yalishakufa. Alihamia Ilula kwa binti yake. Kila nikipata kazi Iringa nilikwenda kumwona, na swali lake lilikuwa moja, la yule mama wa kioo.

"Bado yupo?"

"Yupo, Fundi."

Anaitikia kwa kichwa, tunaongea habari za nyanya za shambani.

Juzi juzi mtoto wa mwenye duka lile la vitambaa, ambaye sasa ndiye bosi, akaniita niweke stika ya kampuni ya simu. Nilidhani ni mlangoni.

"Kamwene, mzee. Kwangua hicho kioo kikubwa kwanza."

"Bosi, tuibandike kwa nje."

"Nje wataibandua. Na huyo mama mwenyewe ameshabanduka nusu. Unamjua?"

"Namjua."

"Basi muage."

Ningekataa, angeita kijana mwenye wembe mbaya zaidi. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kutii wenye maduka.

Nikakwangua. Kwa kuwa picha ilichorwa kinyume, inatoka kinyume: rangi ya nyuma kwanza, kisha kitenge, kisha ngozi ya mashavu. Kilichogandia kioo ni kile Fundi alichotangulia kukiweka asubuhi ile ya kwanza. Vikabaki vitone viwili vyeupe, na nyuma yavyo barabara, watu wanapita.

"Mzee, umebakiza vidoa viwili hapo juu."

Vijana mnaniuliza nilistaafu lini. Hakukuwa na barua wala soda. Ufundi huu nimewaeleza ili mjue ulikuwepo, si kwamba mtauhitaji. Maduka yenyewe siku hizi yanataka kioo cha kubadilisha kila mwezi.

Niliweka wembe juu ya kaunta. Bosi akadhani naenda kunywa chai, akaniagizia chapati mbili. Stendi, kondakta akanidaka mkono: "Ilula, mzee, siti ya mbele!" Nikamwambia hapana, nikapanda gari la Mbeya. Ngazi yangu niliiacha palepale imeegemea kioo. Iringa sijarudi, wala Ilula kwa Fundi.