Aliyeonekana Ghalani

Shangazi yangu hupiga picha za viwanda na maghala. Ukimwambia harusi zina faida zaidi, atakuuliza nani kakutuma. Ghalani mwanga ni haba, kwa hiyo huisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiacha ivute mwanga taratibu. Kilichotulia hutokea pichani, kinachotembea hufutika.

Juzi meneja wa ghala moja la saruji aliitazama picha, akang'aka. "Mama, wapagazi wangu wako wapi? Namwona msimamizi peke yake!"

"Wapagazi walikuwa wanabeba mifuko," shangazi akajibu. "Huyo alisimama tu, mikono kiunoni."

Wapagazi wakaangua kicheko. Msimamizi akanuna. Meneja akasema basi, yaishe, yeye alitaka jengo tu.

"Hayaishi," shangazi akasema, akiikaza kamera upya. "Jengo halibebi mifuko." Akawapanga wapagazi kati ya marundo, kila mmoja na mfuko wake begani. "Tulieni hivyo hivyo, hata kope zisicheze!"

Kisha akamgeukia msimamizi. "Na wewe, baba, chukua mfuko utembee."