Siku Niliyomtaja Muuaji

Jamani, kucheka ruksa, ila aibu hii niachieni niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaitia chumvi na yenyewe ni chungu vya kutosha.

Enzi hizo Mwingereza ndiyo kwanza amekaa kwenye kiti cha Mdachi, yaani Mjerumani, hapa Tabora, na Mhindi mmoja akaleta sinema ya Kidachi, ile isiyo na sauti, akaionyesha mchana ndani ya ghala la karanga, milango imefungwa. Mimi nilisoma Kidachi shuleni (kidogo, majivuno ndiyo yalikuwa mengi), nikapewa kazi ya kuwafasiria watu maandishi. Mjane kauawa, mpelelezi anahangaika, halafu pale pale mpelelezi anaponyoosha kidole, mkanda ukakatika. Kwisha! Ghala zima likaanza, "Nani kaua? Nani kaua?"

Badala ya kusema sijui, nikapaza sauti, "Muuaji ni Mzaramo! Yule pale, Mwinyimvua, mwenye mkasi!"

Mwinyimvua alikuwa fundi cherehani, na mtani wangu, yeye Mzaramo mimi Mnyamwezi, utani wa tangu babu zetu wanabeba pembe kwenda pwani. Tulitukanana kutwa na kula sahani moja. Angenyamaza angekuwa ameshindwa, basi akasimama, "Ndiyo, nimeua mimi! Na wewe mpagazi nakufuata kesho!" Watu wakacheka mpaka machozi. Hakucheka askari mmoja mgeni, kwao hakuna utani huo, na wiki ile ile mtaa wa Gongoni alikuwa ameuawa mwenye duka, aliyemuua hajulikani.

Askari wakamchukua Mwinyimvua. Nikakimbilia kituo cha polisi, mzungu mkuu wa pale akaniuliza, "Alikiri, hakukiri?"

"Alikiri, bwana, lakini ni utani."

"Utani nini?"

Mimi mkalimani mzima, nikabaki, "Ni... ni kutukanana kwa mapenzi." Akanifukuza.

Muuaji wa kweli alipokamatwa, Mwinyimvua akaachiwa, jicho moja limekufa kwa kipigo. Nikamkuta barazani mkewe anamtungia uzi kwenye sindano. Roho iliniuma, nikajikaza, "Mzaramo, kumbe hujafa tu?" Nilitaka anitukane, wallahi, anitukane mpaka na ukoo wangu.

Akaweka nguo chini, akainuka polepole. "Shikamoo, bwana."

Na sisi ni rika moja! Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, basi. Lakini kila nikipita pale ananiamkia vile vile, na mpaka leo sijaweza kumwitikia marahaba.