Ana video 1,412 za watu, mkewe hayumo hata moja

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na Simama-Hapo ameshatazama harusi mbili na msiba mmoja. Amekaa kwenye stuli iliyovunjika egemeo, masikioni ana hedifoni zilizofungwa kwa plasta, na kidole chake kinabofya sehemu moja tu ya kompyuta. Rudisha. Rudisha. Rudisha tena.

"Sikiliza hapa," anasema, akimvisha mwandishi hedifoni bila kuomba ruhusa.

Kwenye skrini bibi harusi anakata keki. Watu wanashangilia, mtu anapiga mluzi. Nyuma ya kelele hizo, karibu kabisa na kinasa sauti, mwanamke anakohoa. Anakohoa mara mbili, kisha anajizuia.

"Ndiye yeye," anasema Simama-Hapo. Anaandika neno moja chini ya video: kikohozi. Ni ya sita kuipata wiki hii.

Mtaa mzima unamjua kwa jina hilo la Simama-Hapo, na mwenye jina halikatai. Kwa miaka kumi na mitano amewasimamisha maharusi, wafiwa, wahitimu na wakwe wasioelewana ili wapendeze kwenye video. Watani wake husema siku moja alimwambia hata marehemu, simama hapo. Yeye anakana, lakini hakani sana.

Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, kimebanwa kati ya duka la vioo na fundi viatu. Ukiingia wawili, wa tatu asubiri nje. Ana kamera mbili, moja haiwaki. Kwenye mwezi mzuri anapata harusi tatu. Mwezi mbaya hapati hata moja, maana siku hizi kila mgeni ana simu na kila mwenye simu ni mpiga video.

Lakini kuna kitu alicho nacho ambacho wenye simu hawana. Ana maktaba.

Ni stoo ya video kwenye intaneti, imefungwa kwa neno la siri, na kila kazi yake iliyosalimika imo humo: video 1,412. Zimegawanywa katika mikusanyiko minne, Harusi, Misiba, Mahafali na Watoto. Chini ya kila video kuna lebo, yaani vineno vifupi vinavyosema kilichomo ndani. Ukiandika lebo moja, maktaba inakuletea kila video yenye neno hilo, tena inakupeleka dakika yenyewe.

Aliyeyafanya yote hayo si yeye. Ni mkewe, ambaye mtaani aliitwa Mama Taa kwa sababu ndiye aliyeshika taa wakati mumewe anapiga video.

"Zamani tulikuwa tunaweka kwenye CD na madiski," anasimulia Simama-Hapo. "Diski moja ikadondoka, ikaondoka na harusi themanini. Mimi nikalia. Yeye hakulia. Kesho yake akasema, tunapandisha kila kitu mtandaoni, na safari hii tunapanga. Mimi nikajua ni maneno tu ya kunipoza."

Hayakuwa maneno tu. Kwa miaka minne, kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi, Mama Taa alikaa kwenye stuli hiyo hiyo, wakati huo ikiwa na egemeo lake, akazitazama video moja baada ya nyingine na kuziandikia lebo. Na lebo zake, jamani, hazikuwa za kawaida. "Mwenye kofia kubwa kuliko kichwa." "Anayelia kumpita mfiwa." "Anayebeba viti." "Amekula mara tatu." "Mzee anayesinzia."

"Nilimwambia, mke wangu, unamaliza bando bure," anasema Simama-Hapo. "Mteja analipia bibi harusi, halipii mzee anayesinzia. Akanijibu, wewe piga video, mimi naangalia watu."

Basi mzee yule aliyekuwa akisinzia akafariki. Mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alibaki na picha moja tu, ile ya kitambulisho, ambamo marehemu amekodoa macho utadhani ameshtakiwa. Alikuja ofisini kuulizia kama yawezekana kuikuza.

Mama Taa alimkalisha, akaandika lebo yake. Mzee akatokea, mzima, katika harusi ya jirani, kidevu kikiwa kifuani. Watu wanapiga makofi. Mzee anashtuka, na kabla hajafumbua macho vizuri anapiga makofi kuwashinda wote.

"Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikacheka," anasema fundi huyo, ambaye sasa ana miaka sitini na mitatu. "Miaka thelathini na minne nilimgombeza mume wangu kwa kusinzia mbele za watu. Siku hiyo nikaomba anirudishie nione tena."

Habari ikaenea. Watu walianza kuja na maneno yao: baba alipenda kuvaa koti la kijivu, mwanangu alikuwa anabeba maji kwenye ule msiba, dada alicheza siku ile ya mahafali, mnayo? Mara nyingi jibu lilikuwa tunayo, maana aliyezika jana ndiye aliyecheza harusini mwezi uliopita. Familia sitini na tatu zimewapata watu wao humo. Simama-Hapo hajamtoza yeyote. "Nitamtozaje mtu kwa kumwona baba yake?" anauliza, karibu kwa hasira.

Kikohozi kilianza kama vikohozi vyote vinavyoanza. Mama Taa alikunywa dawa za dukani, akaendelea kushika taa. Alipofika hospitali mapafu yalikuwa yameshachoka. Alikaa wodini siku kumi na tisa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na aliacha binti wa miaka mitatu na miezi kadhaa.

Siku ya mazishi hakuna aliyepiga video.

"Watu walidhani nitapiga mwenyewe," anasema. "Mimi sikuweza kuinua hata mkono. Nani ampigie video mpiga video?"

Wiki moja baadaye binti yake alimwomba kitu kidogo. Alitaka kumwona mama akitembea. Alikuwa amezoea kuona watu wakija ofisini kulia na kuwaona watu wao kwenye skrini, akajua hapo kwa baba yake ndipo watu wanapopatikana. Baba akamwambia, mwanangu, nipe siku mbili.

Siku mbili hizo sasa zina miaka mitatu.

Usiku huohuo aliandika jina la mkewe kwenye maktaba. Hakikutokea kitu. Akaandika Mama Taa, akaandika mshika taa, akaandika nguo zake kwa rangi. Hakuna. Katika lebo zaidi ya elfu tisa alizoziandika yule mama kwa mkono wake, hakujiandikia hata moja, na sababu ni nyepesi mno: hakuwamo.

Katika kazi hii kuna sheria. Mshika taa akionekana, video imeharibika. Mama Taa aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, akawa anatembea nyuma ya mumewe, pembeni ya mumewe, chini ya meza ikibidi. Na pale alipoteleza akaingia kwenye picha, kulikuwa na mkasi.

"Nilikuwa nakata," anasema Simama-Hapo. "Mimi mwenyewe. Nyumbani nikihariri, nikimwona ametokea, namwambia, ona sasa, umeniharibia. Nakata, natupa, nafuta ili nipate nafasi. Hata siku moja hakunijibu vibaya. Alisema samahani, baba."

Msomaji atauliza, na simu je? Simu ya Mama Taa iliibiwa wodini siku ya pili ya kulazwa. Ya Simama-Hapo ilikuwa ya tochi, haina kamera, kwani mwenye kamera mbili ahangaike na simu ya nini? Harusi yao hawakuipiga video. Waliandikishwa asubuhi, mchana wakarudi kazini. Zimebaki picha kumi na moja za mnato. Waliosema kinyozi hajinyoi walikuwa wanamwona mtu huyu.

Ndipo akafungua mkusanyiko wa tano. Ameuita Yeye.

Humo ameweka kila alichookota katika video zote 1,412, akizitazama kuanzia ya kwanza. Lebo zake ni chache. Mkono, vipande thelathini na saba: mkono wa mwanamke ukisogeza waya, ukimvuta mtoto asikanyage taa, ukipunga upande wa kushoto. Kivuli, vipande mia na kumi na viwili. Sauti, vipande tisa. "Betri!" inasema sauti katika kimoja. "Sogea, baba, unamziba bibi," inasema katika kingine. Kioo, kipande kimoja: kabati la vyombo, na ndani ya kioo chake taa kali yenye miguu miwili chini yake.

Na kikohozi. Hapo ndipo anapoumia zaidi.

"Kinasikika miezi mitano kabla hajalazwa," anasema. "Miezi mitano! Nilikuwa nakisikia nikihariri, tena nakasirika kwa sababu kinaniharibia sauti. Unajua nilifanya nini? Nilishusha sauti. Pale anapokohoa, nilishusha sauti, ili mteja asisikie. Sasa naongeza. Naongeza mpaka mwisho, na bado ni kidogo."

Anavua hedifoni, anazifuta kwa shati ingawa hazina vumbi.

Anachoogopa si kushindwa kazi. Anamwogopa binti. "Mwanzo alikuwa ananiuliza, mama yuko wapi. Mwaka jana akaanza kuuliza, mama alikuwaje. Sasa haulizi. Ukisikia mtoto haulizi, ujue anasahau. Mimi nina kivuli na mkono. Nimpe mtoto kivuli?"

Wateja wa zamani wamemsaidia kadiri ya uwezo wao, na hakuna aliyehangaika kama fundi cherehani. Mama huyu alichukua daftari, akaandika kila harusi aliyoikumbuka Simama-Hapo, akaanza kuwafuata wageni mmoja mmoja. Hakuuliza habari za Mama Taa. Aliomba wamwonyeshe tu walichopiga kwa simu zao.

"Wengi walishafuta," anasema. "Wengine simu zilivunjika. Mmoja alinifukuza, akadhani natafuta mchepuko wa mtu. Nikamwambia, mwanangu, kwa umri huu?"

Baada ya miezi minane, simu ya mke wa shemeji yake ikatoa kitu. Jumatano ya wiki iliyofuata, mwandishi anaporudi ofisini, kipande hicho kimeshafika. Kina sekunde arobaini na moja. Simama-Hapo amekitazama tangu alfajiri na macho yamemvimba.

Ni ukumbi wa harusi, picha inatikisika, aliyeishika simu anataka kupiga keki. Nyuma ya keki yuko Simama-Hapo, mgongo tu, ameinama kwenye kamera yake. Hatua mbili nyuma yake yuko mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha njano kichwani. Ameegemeza taa kwenye kiti. Muziki unaingia naye anacheza, mabega kwanza, kisha mwili mzima. Anautazama mgongo wa mumewe, anamtolea ulimi, anaiga anavyoinama, makalio nje, jicho moja limefumbwa. Anacheka mwenyewe mpaka anaziba mdomo. Kisha anaokota taa haraka, na sura yake inaganda, kazini.

"Harusi zote hizo," anasema mumewe. "Yuko nyuma yangu anacheza."

Saa nane binti anarudi kutoka shule, soksi moja juu, moja chini. Ana miaka sita. Baba anamkalisha kwenye stuli. "Njoo uone. Nilikuahidi."

Binti anatazama mpaka mwisho.

"Huyu anti ni nani?" anauliza.

Fundi cherehani, aliyekuwa amesimama mlangoni, anageukia barabarani. Simama-Hapo anasogea. Anapiga magoti hadi usawa wa mtoto, anamwambia taratibu kwamba huyo ndiye mama.

Binti anatikisa kichwa. Ananyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya mnato yenye fremu. "Mama ni yule. Mama hachezi."

Halafu Simama-Hapo anafanya alichozoea kukifanya: anaandika lebo. Anaandika "mama," anafuta, anaiacha nafasi wazi. Anasema hataijaza yeye. Anamngoja mtoto aijaze siku atakayomjua.

"Mtoto hujifunza herufi, hujifunza kuhesabu," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Na kumjua mama atajifunza. Kila siku akitoka shule, sekunde arobaini na moja. Na daftari la huyu fundi bado lina harusi mia mbili. Nitazunguka nalo mwenyewe. Nikipata dakika moja tu nyingine, namshukuru Mungu."

Binti hamsikilizi. Ameshajua kitufe cha kurudisha kilipo. Anatazama mara ya pili, na mara ya tatu anaanza kutabasamu pale ulimi unapotoka.

"Baba, anamcheka nani?"

"Mimi. Yule aliyeinama ni mimi."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mwanangu. Nilikuwa nimempa mgongo."

Binti anasogeza uso karibu kabisa na skrini. Mwanamke wa kitambaa cha njano anaanza kucheza, mabega kwanza.

"Baba," binti anauambia ule mgongo, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara. "Baba, geuka!"