Kwetu fundi hakabidhi pikipiki mpaka dada yake aipande

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo natoa ya kwetu, na chumvi sitii, maana mama yangu yu hai na humu anapita.

Mimi ni mwanamke, Mluguru wa Matombo, naishi Kihonda, Morogoro. Kaka yangu ana gereji hapa, anaunda pikipiki za mashindano. Hana kampuni wala bosi. Injini anaitoa huku, fremu kule, anachomelea, chombo kinatoka kinanguruma mpaka majirani wanaomba dua.

Kila akimaliza moja, kabla mteja hajaigusa, mimi napanda nyuma, yeye anaendesha, tunashuka mteremko.

Sipendi. Naogopa kufa. Ila ni sheria ya ukoo, imeanza enzi za Mjerumani. Nilisimuliwa na bibi mzaa mama, naye alisimuliwa na mama yake.

Kulikuwa na mhunzi wetu, Mloka, kazi yake kufua majembe. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa milimani alikuwa na pikipiki iliyovunjika. Akamtaka aifufue, tena iwe nyepesi, akashindane na wazungu wenzake kule Morogoro mjini.

Mloka hakuwahi kuona kitu kile. Akakifungua chote, akafua vyuma upya, akapunguza kila kizito. Siku ilipowaka watu walikimbilia migombani.

Ila alikuwa na donge moyoni. Mzungu yule yule alimchapisha shemeji yake, mume wa dada yake Mwanaidi, hamsa ishirini za kiboko kwa kuchelewa shambani. Shemeji akalala, hakuinuka tena. Mwanaidi akabaki mjane mwenye mimba.

Basi Mloka akachomoa pini ya chuma kwenye breki, akaweka kijiti alichokipaka masizi. Hakumwambia mtu.

Siku ya kukabidhi mzungu akaja na askari. Akaizunguka pikipiki, akamtazama Mloka usoni, akaamuru, "Panda wewe kwanza. Na mtoto wako nyuma."

Wasio Waluguru, hapa nisikilizeni. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mloka hakuwa na ruhusa ya kumhatarisha mwanawe bila wajomba wa mtoto kukubali, na wajomba hawakuwepo. Akabaki anababaika. Askari wakaanza kusogea.

Ndipo Mwanaidi akatoka kwenye kundi na tumbo lake.

"Mtoto mwacheni, huyo ni wa watu. Wa Mloka ni mimi. Napanda mimi."

Hakujua kitu, wakuu. Alidhani anamwokoa mtoto.

Mloka akisema ukweli, ananyongwa na kijiji kinachomwa moto. Akinyamaza, anamuua dada yake na mimba yake, na kwetu tumbo la dada ndilo ukoo wenyewe.

Mwanaidi alipokaa, Mloka akageuza shingo, akamnong'oneza, "Dada, breki nimeiharibu. Shuka, sema unaumwa."

Mwanaidi akawatazama askari. Akautazama mteremko, na mto kule chini. Akamshika kaka yake kiunoni.

"Twende."

Safari yenyewe hakuwahi kuisimulia. Alikuwa akisema tu kwamba alifumba macho, akaomba mtoto aliye tumboni asisikie. Kijiti kilikatika pale pale Mloka alipogusa breki. Walipokaribia mto akaiingiza pikipiki migombani, ikalaza mgomba baada ya mgomba mpaka ikaanguka. Mloka akavunjika mguu. Mwanaidi alichubuka tu, na kabla askari hawajafika alishaviokota vipande vya kijiti, akavitupa mtoni.

Mzungu alicheka sana. Akasema mhunzi hajui kuendesha. Fremu ilikuwa imepinda, kwa hiyo naye hakuipanda.

Mtoto wa mimba ile ndiye mama wa bibi yangu.

Mloka aliendelea kuunda na kufufua vyombo, akichechemea, lakini hakukabidhi tena kitu chenye magurudumu bila Mwanaidi kukipanda. Aliwaambia wapwa zake kwamba mkono wake mwenyewe hauamini tena.

Sasa ya kwangu. Wiki iliyopita kaka alimaliza pikipiki ya kijana mmoja wa Mlali. Huyo kijana aliwahi kumtukana pale gereji mbele za watu, tusi la mama. Kaka aliifanya kazi yote akipiga mluzi, na mimi ule mluzi sikuupenda.

Kijana alipokuja kuchukua, kaka akamwambia, "Ondoka nayo tu, leo dada ana kazi nyingi."

Nilikuwa nimesimama pale pale, sina kazi yoyote.

Aisee, nikamkumbuka Mloka. Nikavaa helmeti, nikapanda nyuma. Nikamwambia, "Twende, kaka."

Hakuwasha. Akasema, "Subiri kidogo, dada." Akashuka, akachukua spana, akainama kwenye breki ya nyuma. Alikaa pale muda mrefu.

Tulishuka mteremko, breki zikashika vizuri. Kijana akaondoka na chombo chake anafurahi.

Nilichojifunza: usimtukane fundi kabla hajakaza nati. Na wewe mwenye kaka fundi, panda, hata kama unaogopa. Hasa kama unaogopa.

Sijamuuliza kaka alikuwa anakaza nini, na tangu siku ile tukila haniangalii usoni. Wakuu, hebu nishaurini. Nimuulize, au nami vipande nivitupe mtoni?