Titi la Nyama ya Mgongo

Titi langu la kushoto lilikatwa Mwanza kwa sababu ya saratani, na madaktari wakanitengenezea jingine kwa nyama ya mgongoni kwangu. Waliocheka kwamba bibi kizee anatafuta matiti niliwajibu, "Nyie mmezoea kuwa wabaya, mimi sijazoea." Jumapili nikavaa gauni la kubana, nikakaa benchi la mbele.

Baadaye akaja binti wa utafiti mpaka kijijini kwangu Mbalibali, viatu vyote tope. Alisema wanataka kusikia kwa wagonjwa wenyewe, si kwa madaktari, kama titi la kutengenezwa linawafaa.

"Shikamoo bibi. Ukiwa umevaa nguo, unaridhika nalo kiasi gani?"

"Marahaba. Sana. Kwani huoni?"

"Na ukiwa huna nguo?"

"Funga mlango nikuonyeshe."

Akacheka kwa aibu. Akauliza kama likiguswa nasikia. Nikamwambia sisikii kitu, ni kama anaguswa mtu mwingine mimi naangalia. "Lakini wa kuligusa alishakufa, kwa hiyo wewe andika nimeridhika." Akaandika. Akasema baada ya mavuno atapiga simu aulize tena yale yale.

Mavuno hayajafika, mwanangu mdogo akafa kwa ajali ya pikipiki. Aliacha mke, watoto, na shamba alilopewa na baba yake. Kaka yake, mwanangu wa kwanza, akaanza kusema shamba ni la ukoo na mkubwa wa ukoo ni yeye. Nikadhani ni pombe inaongea. Asubuhi moja nikasikia mkamwana wangu, yule mjane, anapiga kelele. Nikatoka. Mwanangu na mfanyabiashara wa Sirari aliyekuja kulinunua walikuwa wanapima shamba kwa kamba, wanakanyaga mahindi ya watoto.

Kwetu mama ana kitu kimoja cha mwisho. Akitoa titi ulilonyonya akalishika mbele yako, unaacha ulichoshika, hata kama ni panga. Ukimpita, umelaaniwa. Mama yangu aliwafanyia hivyo kaka zangu walipotaka kuuana kwa ajili ya ng'ombe. Nilikuwa mtoto, niliona midume ile inakaa chini kama imekatwa miguu.

Nikafungua gauni palepale shambani. Yule wa Sirari akageuka haraka, akatazama mlimani.

"Mura," nikamwambia mwanangu, ndivyo tunavyowaita vijana wetu. "Mura, vuta hiyo kamba tena uone."

Akasimama. Kamba ikamlegea mkononi, nikajua nimeshinda. Kisha akaniangalia vizuri, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mama, hilo mimi sikulinyonya. Hiyo ni nyama ya mgongo."

Nikashika la kulia.

"Na hilo umetuambia mwenyewe, lilipata jipu mimi nikiwa mchanga, likakauka. Wote tumenyonya la kushoto. La kushoto liko wapi?"

Ni kweli. Kila sherehe nilikuwa nasimulia hivyo, najisifu kwamba titi moja limelea wanaume wote wale.

"Funga gauni, mama, kuna upepo," akasema, akavuta kamba.

Mahindi alivuna yule wa Sirari. Binti wa utafiti akapiga simu kama alivyoahidi.

"Ukiwa umevaa nguo, bibi?"

"Naridhika sana."

"Na bila nguo?"

"Siridhiki hata kidogo."

"Mbona mara ya kwanza ulisema umeridhika? Linauma?"

"Haliumi."

"Limebadilika umbo?"

"Liko vilevile. Mwambie daktari alishona vizuri, hana kosa."

"Sasa niandike sababu gani?"

"Andika siridhiki. Sababu ni mwanangu, na huyo hakuzaliwa na daktari."

Siku hizi mkamwana wangu yuko Sirari, anabeba mizigo ya watu mpakani. Watoto wako kwangu. Yule wa mwisho, wa kike, jua likiwa kali anakuja kujilaza kifuani pangu, na siku zote anachagua upande wa kushoto. Sisikii uzito wake wala pumzi yake. Nikitaka kujua kama bado yupo, inabidi nipapase kwa mkono.