Spika za marehemu baba zinaondoka kwa sababu ya neno nisiloweza kulitamka

Barua hii imetufikia kutoka Kyela. Jina la aliyeiandika tunabaki nalo sisi. Wasomaji, tunaomba mumsome mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, naishi Mbugani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio, na mimi ndiye niliyemshikia tochi na bisibisi tangu nikiwa darasa la tatu. Kulehemu nilijua kabla sijajua kupika wali ukaiva vizuri. Kazi yake ya mwisho ilikuwa spika mbili za mbao za mninga, akanipa nilipoolewa. Sina kingine cha mkono wake.

Spika zile zilikaa kimya miaka kwa kukosa mtambo wa kuziendesha. Sasa tangu serikali iifungue biashara vitu vinaingia, na mume wangu, ambaye hupeleka mchele Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, akarudi na amplifaya ndogo ya stereo, ukubwa wake haufiki matofali mawili. Ilikuwa ya bei nafuu, ndiyo maana alikuwa na wasiwasi nayo. Akaniachia niikague. Nikaiinua, ina uzito, maana yake transfoma ya ndani si ya mchezo. Vitufe vya besi na trebo havikwaruzi. Yale maandishi ya nguvu kubwa waliyobandika mbele sikuyaamini, lakini kwa sebule yetu hata nusu yake inatosha na kubaki. Nikamwambia amepata kitu kizuri.

Tatizo ni kwamba alipoifunga sikuwepo, na nisingeweza kuwepo. Mafuriko ya Ngonga yalibomoa nyumba ya baba mkwe, na mguu wake umevimba hawezi kutembea, kwa hiyo tangu masika yuko kwetu na analala hapo sebuleni. Kwa mila zetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, haonani naye, hasemi naye, wala hatamki jina lake au neno linalofanana nalo. Silalamiki, ndivyo nilivyolelewa, na mzee ni mpole. Napita mlango wa nyuma, mume wangu anampelekea chakula, nami nasikia "ndaga fijo", yaani asante sana, kutoka upande wa pili wa pazia, basi.

Muziki ulipoanza nilikuwa jikoni nachagua mchele. Sauti ilikuwa nyembamba, besi hakuna kabisa, kama mtu anayeimba ameziba pua. Nikamsikia mume wangu anazungusha kile kitufe cha kugawa sauti. Akiipeleka yote kushoto, besi inakuja. Akiipeleka yote kulia, besi inakuja. Akirudisha katikati, inapotea. Nikajua palepale kwamba spika moja imefungwa kinyume, nyekundu imeingia kwenye tundu la nyeusi, kwa hiyo moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi zinauana. Amplifaya ni nzima, spika ni nzima. Kurekebisha ni kazi ya dakika mbili.

Sasa balaa lenyewe ni hili. Jina la baba mkwe linafanana mno na lile neno la uzi wa shaba unaopitisha umeme. Mnalijua. Mimi silitamki, na hata hapa sitaliandika. Sisi wakamwana tuna namna zetu za kuzunguka, kwa hiyo mume wangu alipokuja jikoni nilimwambia, "Geuza kamba za spika ya kushoto." Akaenda. Kumbe kaelewa ile kamba ya katani aliyofungia spika isianguke kutoka kwenye rafu! Akaifungua, akaigeuza spika nzima ikatazama ukutani, akaifunga upya. Siku hiyo nilicheka mpaka machozi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sicheki tena. Nilimchorea kwenye karatasi, akaitazama kidogo akaikunja, akasema yeye na baba wameshalijadili. Mzee kasema mtambo ni mpya kwa hiyo hauwezi kuwa na kosa, kosa liko kwenye maboksi ya zamani. Tangu hapo ndiyo imekuwa hukumu. Mume wangu ameshakubaliana na mtu mwenye baa kule Itungi, azichukue spika zangu na yeye ampe mbili za plastiki za dukani. Kwamba spika ni zangu, hakuna aliyekumbuka kuniuliza.

Juzi nilipiga moyo konde nikamwambia, tukiwa kwenye korido karibu kabisa na pazia, kwamba haziendi kokote.

"Spika za baba yako zimekufa," akasema.

Nikamwambia hazijafa, zimefungwa vibaya.

"Kama unaijua kasoro, itaje kwa jina lake."

Ndani mzee akakohoa. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Umeona?" akasema mume wangu. "Hujui."

Ndugu zangu, iliniuma. Huyu mtu ameishi na mimi miaka tisa, anajua neno gani silitamki na kwa nini. Sijui kama alisahau au alifanya makusudi, na naogopa kumuuliza. Wanasema heshima si utumwa, lakini mimi naona heshima yangu sasa inatumika kunifanya mjinga ndani ya nyumba yangu.

Mtu wa Itungi anakuja Jumamosi na mkokoteni. Nikinyamaza, kazi ya baba yangu itatoka mlangoni ikiitwa mbovu, na mimi ndiye peke yangu ninayejua kwamba haina kasoro. Nikilitamka lile neno mzee akasikia, au nikiingia sebuleni nikafunga mwenyewe mbele ya macho yake, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu mzima mgonjwa ambaye hajawahi kunikosea. Shangazi zangu wananiambia nivumilie, ni mbao tu. Si mbao tu.

Nishaurini jamani, hasa nyie wakamwana wenzangu. Nifanye nini kabla ya Jumamosi?