Chupa ya Baba na Gesi ya Kwetu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nchi ndogo ya ng'ambo inayoishi kwa mafuta, msimamizi wa zamu alinipa kofia ngumu akaniuliza kwetu tunachimba nini.

"Viazi," nikajibu.

Walicheka wote. Nilipopata diploma ya uchimbaji wa petroli, waliocheka ndio walioniita niwasomee geji za presha ya kisima. Kijijini kwetu Mlola hapakuwa na diploma kama hiyo, na sijasikia kama imepatikana nyingine.

Nilipokuwa naondoka nyumbani, Baba alinipa chupa tupu yenye kizibo. Alikuwa mkulima, na Biblia tuliisoma kwa koroboi. "Uniletee mafuta ya kwetu," alisema. "Si ya watu."

Basi Taifa letu lilipoanza kutafuta mafuta pwani, nikaaga. Msimamizi alinishangaa. "Unarudi kwenye viazi? Nafasi yako nitakuwekea. Na hiyo chupa jaza hapa hapa, mzee atajuaje?" Niliifungasha tupu.

Huko pwani nilipangiwa kazi ya tope. Vijana, msicheke. Tope la kuchimbia ni udongo maalumu uliokorogwa na maji. Hushuka ndani ya bomba hadi kwenye kekee, hupanda na vipande vya mwamba, na uzito wake huzuia kisima kisilipuke. Tope jepesi huua. Langu halikuua mtu.

Tulichimba hadi ikatoka gesi. Mafuta hayakuwapo. Mkuu wa Mtambo alikaa juu ya pipa, akashika tama. "Tumetafuta mafuta, tumepata upepo."

Siku hiyo niliwaza sana ile nafasi yangu ng'ambo. Nikaona nikaage kwanza nyumbani, lakini si mikono mitupu. Nikamwomba Mkuu nijaze chupa.

"Wewe Mshambaa, utabeba upepo mpaka milimani?"

"Nitaubeba, Mkuu."

Niliijaza maji, nikaipindua ndani ya ndoo, nikapitisha mpira kutoka kwenye koki ya sampuli. Gesi ikapanda, ikasukuma maji nje. Niliyabakiza kidogo shingoni yazuie gesi isivuje, nikaziba, nikasafiri nayo kichwa chini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona chupa inasimama kwa kichwa?"

Nilimweleza yote: gesi, kisima, na kwamba huenda nikarudi ng'ambo. Akatafuta kiberiti. Tulitoka uani, jirani yetu mzee wa kanisa akasogea. Baba akawasha njiti, mimi nikaigeuza chupa na kuizibua. Mwali wa buluu ukacheza mdomoni, ukazama shingoni, ukazimika.

"Ndiyo hiyo tu?" jirani akauliza. "Miaka yote hiyo ng'ambo?"

"Wewe ya kwako iko wapi?" Baba akamjibu.

Akaifuta chupa kwa pindo la shati lake, taratibu, kama anavyofutwa mtoto uso. Akanirudishia. "Ni ya kwetu, nimeiona. Kaijaze tena."

Sikurudi ng'ambo. Nilifanya kazi visimani mwetu mpaka nikastaafu, tope langu likisifiwa na wakuu watatu. Gesi ilikaa ardhini miaka mingi kabla ya kupelekwa kwa bomba kuzalisha umeme, na Baba hakuwahi kuuona.

Vijana, mimi najivuna, na ninayo haki. Lakini jioni, hapa Mlola, nikibonyeza swichi na taa ikawaka, huitazama ile chupa dirishani na kusema polepole, "Nimeijaza, Baba."